Mabao Matatu ya Wexby

Wakati wa mapumziko, mashabiki wa Harkenshaw Town huhama. Kipindi cha kwanza husimama upande wa mfereji, nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Filimbi ikilia wanachukua chai zao na pai zao za nyama na kuzunguka uwanja hadi upande wa reli, kwa sababu sasa timu itashambulia huko. Hakuna aliyewahi kuwaamuru. Mtu mwenye afya anaimaliza safari hiyo kwa dakika nne. Ellis Sugden, aliyefanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha mazulia na kustaafu na vumbi la sufu kifuani, alihitaji mapumziko yote, na mwaka wake wa mwisho alihitaji pia dakika mbili za kipindi cha pili.

"Ellis, si ubaki tu upande mmoja?" watu walimwambia. "Utazame kipindi kimoja kwa raha zako."

"Nibaki nimtazame kipa wetu akijikuna? Mwanangu hafungi goli hili, anafunga lile kule."

Mwanawe alikuwa namba tisa, Gordon Sugden. Wachezaji wenzake walimwita Suggy, maana katika chumba cha kubadilishia nguo hakuna jina linaloachwa lilivyo.

Gordon hakuwahi kucheza Daraja la Kwanza hata dakika moja. Akiwa na miaka kumi na sita, klabu kubwa ya mji wa jirani ilimchukua mafunzoni. Alisugua viatu vya watu wengine kwa miaka miwili, kisha akapewa mkono wa kwaheri na kuambiwa kwamba mwili wake ni wa kazi nyingine. Akaenda Scarholme, akala benchi. Akaenda Wainford, pwani, ambako upepo uliwarudishia wapigaji kona mipira yao. Huko, akiwa na ishirini na minne, alifunga mabao kumi na manane msimu mmoja, na habari zikaja kwamba mtu wa klabu ya Daraja la Pili atafika Jumamosi kumtazama. Ijumaa barafu ikashuka. Jumamosi saa nne asubuhi refa alikanyaga nyasi kwa kisigino, kisigino hakikuingia, akaahirisha mechi. Yule mtu wa Daraja la Pili alikuwa ameshafika. Alikunywa chai, akageuza gari. Mechi ilichezwa wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne. Gordon alifunga mawili, na hakuna aliyekuja.

Kwa miaka mingi baadaye, kila alipokwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, Gordon alimfikiria mtu yule, ambaye hakuwahi hata kumwona uso.

Alirudi kwao Harkenshaw akiwa na ishirini na saba. Hakuwa na mbio, wala hakuwa wa kumvisha beki kanzu, mpira juu ya kichwa. Alichokuwa nacho ni kujua mpira utaangukia wapi baada ya watu wawili kuugombania, na kuwa hapo kabla ya wengine kwa hatua moja na nusu. Katika Daraja la Nne, kwenye matope ya Januari, hatua moja na nusu inatosha kumlisha mtu. Mwaka wa kwanza alifunga kumi na sita. Wa pili kumi na manane. Taratibu, bila yeye mwenyewe kukusudia, hesabu ikaanza kuelekea mahali.

Mahali penyewe palikuwa ukutani. Katika korido inayotoka chumba cha nguo kwenda uwanjani kulikuwa na ubao wa mwaloni, na juu yake, kwa herufi za dhahabu, majina ya watu waliowahi kuifungia Harkenshaw mabao mia ya ligi. Mabao ya kombe hayakuhesabiwa. Majina yalikuwa mawili tu. La pili lilikuwa la Arnold Tempest, aliyeacha kucheza mwaka 1936, na Ellis alikuwa amemwona Tempest kwa macho yake. Alizungumza habari zake kama wenzake walivyozungumza habari za vita: kwa nadra, na bila kuongeza chumvi.

Ellis hakuwahi kumwambia mwanawe kwamba anataka jina lao liwe pale. Alichofanya ni kuuliza. Kila Jumapili mchana alikula kwa Gordon na mkewe Glenys, na kabla nyama haijakatwa aliuliza mambo mawili, siku zote kwa mpangilio uleule.

"Ngapi sasa?"

Alijua ngapi. Alikuwa uwanjani. Gordon alimtajia.

"Na la mwisho lilikuwaje?"

Hilo ndilo swali alilolipenda. Gordon alilazimika kueleza bao lilivyokuwa, mpira ulitoka wapi, beki alisimama vipi, na Ellis alisikiliza kana kwamba hakuwa ametazama, akikatiza pale tu Gordon alipojipendelea.

"Hukumpita. Alianguka."

"Alianguka kwa sababu nilimpita, baba."

"Alianguka kwa sababu ni mlevi. Endelea."

Msimu wake wa saba Gordon aliuanza na mabao tisini na moja, umri wa miaka thelathini na minne, na goti la kulia lililovimba kila Jumapili kama mkate. Kufikia Novemba alikuwa na tisini na manne. Jumamosi moja ya Novemba Wexby Rovers wakaja Harkenshaw.

Wexby walikuwa timu mbovu na kila mtu alijua. Mishahara yao ilikuwa imechelewa, na walikuja na wachezaji kumi na wawili tu ndani ya basi. Lakini beki wao wa kati alikuwa mtu wa shoka, na kwa nusu saa alimshika Gordon jezi kama mtu anayeogopa kupotea sokoni. Bao la kwanza likatokana na kona: kipa aliutema mpira, Gordon akausukuma kwa goti. La pili lilikuja dakika ya sabini na nane, kwa kichwa. La tatu halikufanana na lolote alilowahi kufunga. Mpira ulimwangukia nje ya eneo la hatari, mguu wa kulia ulikuwa umenasa kwenye matope, akaupiga kwa kushoto kwa sababu hakuwa na mwingine. Ukapanda, ukazunguka, ukamwacha kipa ameinua mkono kama anayesimamisha basi, ukaingia pembeni juu kabisa.

Alikimbia hadi ukutani upande wa reli, ambako Ellis alikuwa amefika kwa taabu yake. Mzee hakuwa na pumzi ya kushangilia. Alimkamata mwanawe kwenye kola iliyojaa matope, akamvuta sikio.

"Kushoto?" alisema. "Tangu lini una mguu wa kushoto?"

Jumapili, swali lilikuja kabla Ellis hajavua koti.

"Ngapi sasa?"

"Tisini na saba."

"Na la mwisho lilikuwaje?"

Gordon alieleza. Kwa mara ya kwanza Ellis hakumkatiza popote. Mwisho alichukua kisu akaanza kukata nyama mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa ya Glenys, na Glenys akamwachia.

Wiki iliyofuata ukungu ulishuka bondeni na kifua cha Ellis kikakataa. Hakurudi uwanjani tena. Alifariki wiki ya kwanza ya Februari.

Gordon alifunga la tisini na nane Jumamosi iliyofuata mazishi, na la tisini na tisa wiki mbili baadaye. La mia lilikuwa baya. Shuti la mwingine lilimgonga kwenye ugoko akiwa anatazama pengine. Lakini lilikuwa lake, na watu elfu mbili waliimba jina lake mpaka refa akamaliza mpira. Mwenyekiti wa klabu aliagiza fundi wa kuandika mabango. Fundi alikuja Alhamisi, akapanda ngazi, akachora kwanza kwa penseli, herufi kubwa zenye mikia, G. SUGDEN. Alisema dhahabu atakuja kuitia Alhamisi ijayo, mwaloni ule unahitaji kusafishwa kwanza kwa spiriti.

Jumanne, kabla Alhamisi hiyo haijafika, walikuwa mazoezini nyuma ya kiwanda cha bia. Mally Shackleton, nahodha, beki wa futi sita na ushee aliyekuwa na maneno mengi kuliko pasi, alifika amechelewa.

"Suggy! Umesikia redio? Wexby wamekufa."

"Wamekufa vipi?"

"Wamefilisika. Wamefunga geti, wamejitoa ligi."

"Masikini. Yule beki wao sasa atashika jezi ya nani?"

"Achana na beki. Matokeo yao yote yanafutwa. Tunapoteza pointi tatu."

"Kila mtu anapoteza zake."

"Sawa, lakini..."

Ni winga, kijana wa miaka ishirini na mmoja asiyejua kupima maneno, aliyemaliza. "Kwani na mabao nayo yanafutwa?"

Wote walimtazama Gordon, kisha kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini.

"Usijali, mzee," Mally alisema mwishowe. "Mimi mechi ile nilipewa kadi ya njano. Nayo imefutwa. Wengine tumefaidika."

Walicheka. Gordon naye alicheka, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri.

Jioni ile alikwenda kwa Stanley Pickles. Pickles alikuwa karani mstaafu wa posta aliyeandika jarida la mechi na kutunza kumbukumbu za klabu. Miaka thelathini na moja hakuwa amekosa mchezo wa nyumbani. Kila Jumamosi alijaza fomu ya ligi, nani kafunga, dakika ya ngapi, na alichokiandika yeye ndicho kilichokuwa kweli. Aliishi peke yake mtaa wa pili, na madaftari yake yalikuwa yamepangwa mahali ambapo watu wengine huweka vyombo vya wageni.

"Sheria ni fupi, Gordon," alisema. "Klabu ikijitoa kabla msimu haujaisha, mechi zake zote zinahesabiwa kuwa hazikuchezwa."

"Hazikuchezwa."

"Ndilo neno lao."

"Nina kovu la njumu hapa pajani, Bwana Pickles. La mechi ambayo haikuchezwa."

"Kovu si kumbukumbu ya ligi."

"Baba aliyaona yale matatu."

Pickles alivua miwani. "Na mimi niliyaona. La tatu lilikuwa bao zuri kuliko yote niliyoyaona pale tangu vita viishe. Lakini kuona si kuandikwa, kijana wangu. Ningekuwa naandika kila ninachopenda, madaftari haya yangekuwa hadithi."

Akalifungua la msimu ule na kumwonyesha. Mstari mwekundu ulikuwa umeshapita juu ya ukurasa wa Wexby, umenyooka, kwa rula. Kilichomuuma Gordon hakikuwa ile mia kushuka hadi tisini na saba, bali jinsi aliyeitunga sheria ile, popote alipokaa, alivyochagua. Angeweza kuchukua matatu yoyote. Lile la ugoko lingeondoka na asingepiga kelele.

Alhamisi fundi wa mabango hakuja. Herufi za penseli hazikufutwa; hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kuzifuta.

Nyumbani, Glenys alikuwa wa kwanza kukosa subira. Alifanya kazi kwenye duka la mikate, alishinda amesimama tangu alfajiri, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mia ni namba tu, Gordon."

"Tisini na saba nayo ni namba."

"Basi furahia hiyo."

"Ningefurahia kama ningekuwa nayo siku zote. Mimi nilikuwa na mia, Glenys. Siku kumi na moja nilikuwa nayo."

Jumapili walikula nyama wawili. Hakuna aliyeuliza ngapi. Gordon alijikuta ameshika uma, anasubiri, na Glenys alipomsogezea viazi alisema "tisini na saba" kimoyomoyo, kwa mtu aliyekuwa hayupo. Swali la pili hakulijibu, kwa sababu jibu lake la kweli lilikuwa lile la kushoto, na lile la kushoto halikuwahi kutokea.

Mechi zilikuwa zimebaki kumi na moja. Akiwa na thelathini na minne na goti lile, mtu hapati nyingine.

La tisini na nane alilipata Scarholme, mwisho wa Machi, kwa kichwa, mbele ya mashabiki mia tatu waliosafiri. Lile la tisini na tisa lilikuja Jumatatu ya Pasaka. Refa alitoa penalti. Penalti za Harkenshaw zilikuwa za Mally, na Mally alizipenda kuliko watoto wake. Aliuchukua mpira, akautembeza hadi alipokuwa Gordon, akamkandamizia kifuani.

"Chukua kabla sijabadilisha mawazo."

"Mally..."

"Ukikosa nakuuza mwenyewe. Piga."

Akapiga, akafunga. Lakini alipotua, goti lilitoa sauti aliyoijua. Walilitoa maji kwa sindano mara mbili, na mechi nne zikapita akizitazama kutoka benchi la wagonjwa, kila moja akiiondoa kwenye hesabu.

Kila mwaka, mwanzo wa Mei, klabu hutoa orodha ya wachezaji wanaobaki. Asiyekuwemo ameachwa. Meneja, Len Thackray, hakupenda watu walisome hilo ukutani kwanza. Aliwaita mmoja mmoja kwenye chumba cha kukaushia jezi, kwa sababu kuta za ofisi yake zilikuwa nyembamba na mle mashine ilifunika sauti. Wachezaji waliita kule "kwenda kukauka". Alhamisi kabla ya mechi ya mwisho, Thackray alimwashiria Gordon kwa kichwa kutoka mlangoni.

Mashine ilikuwa inazunguka. Jezi zilipita kwenye kioo, tisa, nne, saba.

"Kijana wangu," Thackray alianza, ingawa walipishana miaka kumi na miwili tu, "wewe mwenyewe unalijua goti lako."

"Sema tu, Bosi."

"Humo kwenye orodha."

Gordon alikubali kwa kichwa. Alikuwa amelijua tangu Pasaka, lakini kulijua hakukusaidia kitu.

"Na Jumamosi?"

"Daktari anasema dakika ishirini, zisizidi ishirini na tano." Thackray alitazama jezi. "Hatupandi, hatushuki. Marlby nao wanataka kwenda likizo. Nitakuingiza, Suggy. Zaidi ya hapo siwezi kukufungia."

Jumamosi ilikuwa na jua. Gordon alivaa namba kumi na mbili, jezi ya mtu wa akiba. Tangu dakika ya hamsini upande wa reli walikuwa wanamtaka. "Mtoe mmoja! Mlete Suggy!" walimwimbia Thackray, na mmoja mwenye sauti ya paka aliongeza, "Len, goti lake bovu ni zuri kuliko miguu ya hao wote!" Dakika ya sitini na nane akaingia. Watu elfu tatu walisimama, elfu moja zaidi ya kawaida, na kila mmoja wao alijua analohitaji: bao moja.

Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili aliupiga, kipa akaudaka bila kuinama. Dakika ya themanini alikuwa tayari anachechemea, na Mally alimpigia kelele asimame tu kule mbele, asirudi, "kaa hapo kama mnara, mzee, tutakuletea." Dakika ya themanini na sita walipata kona. Winga aliipiga ndefu, ikavuka vichwa vya kwanza, na Gordon alijua mpira utaangukia wapi. Hilo, goti halikuwa limemnyang'anya. Alifika, akaruka kwa mguu mmoja, akapiga kichwa.

Aliupiga vibaya. Alijua tangu ulipomgusa, chini kidogo ya nywele, upande. Ulikuwa unakwenda nje, kwa zaidi ya mita moja kutoka kwenye nguzo ya mbali. Beki wa Marlby, aliyekuwa anarudi mbio ameupa uwanja mgongo, aligeuka, mpira ukamgonga kwenye ugoko, ukaingia wavuni.

Uwanja ulilipuka. Kipaza sauti kikakoroma: "Bao la Harkenshaw, limefungwa na namba kumi na mbili, Gordon Sugden!" Kisha kikazimwa haraka, kwa sababu msemaji alikuwa analia. Mally alimnyanyua Gordon hadi begani kama gunia.

"Umefika, mzee! Umefika!"

"Ulikuwa unatoka, Mally."

"Nini?"

"Mpira. Ulikuwa unatoka nje."

"Funga mdomo," Mally alisema, bila kumshusha. "Punga mkono, utabasamu, funga mdomo."

Akapunga. Upande wa reli walikuwa wanaimba namba moja tu, mia, mia, mia, na wazee waliokuwa watoto siku za Tempest waliimba na vijana.

Pickles alimsubiri koridoni, chini ya ubao, kofia mkononi. Fomu ya ligi ilikuwa imekunjwa ndani ya jarida la mechi. Wengine walipita na maji yao na makelele yao, mlango wa chumba cha nguo ukafungwa, wakabaki wawili.

"Hongera, Gordon."

"Ulisimama wapi leo, Bwana Pickles?"

"Mahali pangu. Nyuma ya goli."

"Basi uliona."

Pickles alizungusha kofia vidoleni. "Refa ameandika jina lako. Msemaji ametangaza. Yule beki hatalalamika, nani anataka kuandikiwa bao la kujifunga? Fomu naijaza mimi." Akaigusa fomu ndani ya jarida. "Miaka thelathini na moja naijaza, na sijawahi kuandika nisichokiona. Lakini nimekuja njia nzima kutoka upande wa reli nikijiambia, mara moja tu. Nitaandika, na nitakufa sijamwambia mtu. Unastahili kulipwa lile la kushoto."

Mtu asije akadhani kwamba Gordon hakulitaka. Alilitaka kuliko alivyowahi kulitaka bao lolote. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na watu wengi katika maisha yao wamepata makubwa zaidi kwa kunyamaza. Jina lingekuwa la dhahabu kabla ya Juni. Akaliona. Akaiona pia meza ya Jumapili, nyama haijakatwa, na Ellis akiwa na koti lake. Ngapi sasa? Mia, baba. Hadi hapo ilikuwa rahisi, na alikaa hapo muda mrefu kadiri alivyoweza. Kisha likaja lile swali la pili.

"Andika la kujifunga," alisema.

"Gordon."

"Wewe ndiye uliyeniambia kuona si kuandikwa. Nililimeza hilo, Bwana Pickles, na halikuwa tamu. Sasa usije ukaniambia na usichokiona kinaandikwa."

Mzee alivaa miwani, akaikandamiza fomu ukutani, akatoa kalamu.

"Dakika?" aliuliza, kama alivyouliza kila Jumamosi.

"Themanini na sita."

Glenys alikuwa anamsubiri kwenye maegesho, ndani ya gari, upande wa dereva, kwa sababu ya goti. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa amejipaka rangi ya mdomo upya. Gordon alipoingia, Glenys alimpiga begani, kwa nguvu.

"Mia! Nimempigia simu dada yangu kutoka klabuni. Amepiga kelele mpaka mbwa wao amekimbia."

"Mpigie tena."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie tisini na tisa."

Akamweleza, kwa maneno machache. Glenys alisikiliza akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa limewashwa. Gordon alipomaliza, akasema, "Wewe ni mjinga, Gordon Sugden," kisha, "Mjinga wa ukoo mzima." Alitoa leso, akapenga kamasi, akaushika ufunguo.

"Ngoja," alisema Gordon. "Usiwashe."

Nje ya ukuta mashabiki walikuwa wanateremka barabarani kuelekea mjini, na walikuwa bado wanaimba. Jumatatu gazeti lingewaambia. Gordon alizungusha kishikio akateremsha kioo chote. Mia, waliimba, mia, mia, na jina lake katikati, wakipita mbele ya duka la samaki, wakipita kanisani. Glenys aliondoa mkono kwenye ufunguo akauweka mapajani. Walikaa hivyo, bila kutazamana, mpaka kundi la mwisho likakata kona kwenye daraja na sauti ikaanza kukatika, ikaja mara moja tena na upepo, halafu haikuja.

"Sasa?" Glenys aliuliza.

"Kidogo tu," alisema Gordon.